Jibu Nililompa Bibi wa Maji ya Chai

Kabla ya kuuliza bei, waliuliza kama limeua. Hapo ndipo alipoanzia kila mnunuzi aliyefika kwetu Sekei, awe mfanyabiashara au mtumishi wa serikali. Wengine waliuliza kwa sauti ya kawaida huku wakipigapiga tairi kwa ncha ya kiatu. Wengine walimsogelea mume wangu na kunong'ona, kana kwamba gari lenyewe lingewasikia. Hata bwana mmoja wa Njiro, aliyekuwa na kazi kwenye shirika la wafadhili na kalamu tatu mfukoni, aliuliza, kisha akacheka kidogo kuonyesha kwamba yeye binafsi hana shida na mambo hayo, ila mke wake.

Mume wangu alimjibu kila mmoja kwa maneno yale yale: "Limeua mmoja. Mtoto wangu."

Walisema pole. Walikaa dakika mbili tatu kwa heshima, wakitazama chini, kisha wakaondoka.

Gari lilikuja kwetu wakati mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa. Mume wangu alikuwa fundi wa magari kwenye shirika mojawapo, na walipotangaziwa kwamba wanapunguzwa kazini, wenzake wengi walichukua kiinua mgongo wakaenda kufungua maduka. Ilikuwa miaka ya maduka. Madirisha ya mbele ya nyumba za watu yalitobolewa yakawa maduka, na vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni, sabuni, sukari, dawa ya meno, vikawa vinakaa kwenye rafu hadi vinashika vumbi. Yeye hakutaka duka. Alitaka gari moja la dizeli, la Kijapani, refu, la rangi ya maziwa, ambalo kwa miaka mingi alikuwa akilihudumia kwa ajili ya meneja. Lilipopigwa mnada alilinunua. Alilileta nyumbani akiwa amewasha taa mchana kweupe, na binti yetu, aliyekuwa na miaka minne, alikimbia mbele yake kutoka kona ya barabara hadi getini akitangaza kwa majirani kwamba baba amekuwa meneja.

Lilitulisha vizuri. Siku za soko alibeba mizigo na watu kwenda Tengeru, siku nyingine aliwachukua wageni waliotaka kufika chini ya mlima Meru. Desemba, kama watu wote wa Kilimanjaro wanaoishi Arusha, tulifunga nyumba tukapanda kwetu kula Krismasi na wazee.

Mwaka wa pili wa gari hilo nilitangulia kurudi mjini, kwa sababu ofisi ilifunguliwa mapema. Nilikuwa karani wa masjala, na masjala ikifungwa ofisi nzima husimama. Mume wangu na mtoto walibaki siku mbili zaidi wakasubiri ndizi za bibi yake zikomae. Waliporudi, walipopita Kikatiti, saa nne asubuhi, barabara kavu, tairi la mbele lilipasuka. Gari lilibiringika mara tatu. Yeye alivunjika mfupa wa bega. Mtoto alikuwa kiti cha nyuma, katikati, mahali alipopenda kukaa ili aone mbele. Alikuwa na miaka sita.

Polisi walipomaliza shughuli zao, gari lilivutwa hadi kwetu na kuachwa uani, paa limelalia viti. Kaka mkubwa wa mume wangu alikuja kutoka Moshi, akalizunguka mara moja tu.

"Liuze skrepa, mdogo wangu. Leo."

"Nitalinyoosha," alisema mume wangu.

"Ulinyooshe umpe nani?"

Alianza wiki ile ile, mkono ukiwa bado umefungwa shingoni. Ilimchukua zaidi ya miaka miwili. Paa alilitoa kwenye gari jingine lililokuwa limeungua injini. Mlango wa nyuma wa kulia aliupata kwa muuza vipuri karibu na stendi, mwekundu, ukakaa mwekundu miezi minane kabla hajapata rangi ya kuulinganisha na mingine. Fundi wa kuchomelea alikuja kwa siku za kuchomelea tu. Mengine yote aliyafanya mwenyewe, akilala chini ya chesisi juu ya gunia, kwa mkono wa kulia ambao haukunyanyuka tena zaidi ya kifua. Alifungua injini yote akaipanga vipande vipande juu ya mkeka, akavisafisha kwa mafuta ya taa, akairudisha. Majirani walisema mwacheni, anajitibu. Na mimi nilisema hivyo.

Lilipokamilika alilipeleka kwa mkaguzi wa polisi. Likapita. Kwenye kadi, chini ya namba ya injini, mkaguzi aliandika kwa wino mwekundu kwamba gari lilipinduka na limeundwa upya, akagonga muhuri. Hakuandika nani alikuwa ndani. Nimefanya kazi na fomu maisha yangu yote, najua kuna mambo ambayo hayakuwekewa nafasi.

Ile safari ya kwenda kwa mkaguzi ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake kuliendesha. Tangu hapo aliliwasha kila asubuhi, akaliacha lingurume mpaka moshi uwe mweupe, akalizima, akabaki amekaa. Alikaa kutwa. Chai nilimpelekea humo, chakula cha mchana humo, na sahani nilizipokea kupitia dirishani kama mhudumu wa mgahawa. Giza likiingia alikuja ndani, akapita sebuleni bila kukaa, akalala kwenye kitanda cha mtoto, magoti yamekunjwa kwa sababu kilikuwa kifupi.

Siku moja alipotoka kwenda kunawa nilikaa kwenye kiti chake. Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kimeinamishwa. Ukikaa pale hukuona barabara wala geti. Uliona kiti cha nyuma, katikati, basi.

Nilikuwa nimempoteza mtoto. Sikutaka kumpoteza na mume, aliyekuwa hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni. Nilizihesabu hatua hizo nikiwa nimebeba uji. Nilijiambia kwamba gari likiondoka, atarudi ndani. Sikuwa na mpango mwingine.

Kaka yake na mchungaji walikuja wakakaa naye, mmoja kiti cha mbele, mwingine amesimama nje ameegemea boneti. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Liuzwe. Lakini kila anayekuja aambiwe. Sitaki mtu ampandishe mtoto wake humu bila kujua." Mchungaji alisema hayo ni maneno ya haki. Mimi nilisimama mlangoni na birika la chai, nikajua kwamba kwa maneno hayo ya haki gari halitatoka.

Halikutoka. Dalali tuliyempata alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, aliyevaa kofia ya pama hata ndani ya nyumba. Alileta wateja. Aliwasifia gari tangu barabarani, akawaonyesha tairi, akawafungulia milango kama bwana harusi. Kisha swali likaulizwa, mume wangu akajibu, na dalali akavua kofia yake akajipepea.

"Shemeji," aliniambia siku mteja wa tano alipoondoka, "mumeo anauza gari au anatangaza msiba? Mtu amekuja na pesa zake, anarudi nyumbani na rambirambi!"

"Mwambie mwenyewe."

"Nimwambie mimi? Yule ana spana mkononi."

Mmoja wao namkumbuka kwa wema. Alikuwa mzee wa Kiislamu, mfanyabiashara wa mitaa ya zamani karibu na soko, na alikuwa ameshaamua kulichukua. Alipojibiwa alisema inna lillahi, akaufunga mlango taratibu, kwa mikono miwili, mpaka ukalia kidogo tu. Alikaa nasi karibu saa nzima akanywa kahawa. "Ningekuwa peke yangu ningelichukua," alimwambia mume wangu. "Lakini mke wangu nikimpandisha humu, kila daraja atasoma dua mpaka nishindwe kushika usukani." Mume wangu alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, na alitabasamu akiwa bado ndani ya gari.

Masika ilipoingia alishikwa na homa. Mvua ilipiga paa lile la kuazima, vioo vikajaa mvuke, naye akawa ndani anatetemeka, amejifunika koti la kazi la shirika ambalo halikuwepo tena. Nilimpelekea dawa. Nilisimama na mwavuli dirishani nikamsihi aingie ndani.

"Nakuja, mama," akasema, na akalitaja jina la mtoto.

Alikuwa bado ananiita hivyo. Mtaa mzima uliniita hivyo. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linabaki kwenye vyeti na ofisini, na kwingine kote anakuwa mama wa mtoto wake wa kwanza. Mtoto akifa, jina halichukuliwi. Watu waliendelea kuniita kwa jina la binti yangu, dukani, kanisani, bombani, na kila walipoita nilishtuka, na papo hapo nikashukuru.

Hakuja. Alikaa mle siku tatu za homa. Siku ya nne, nikiwa masjala napanga mafaili, niliamua kwamba mnunuzi mwingine akija nitamjibu mimi.

Walikuja Jumamosi asubuhi, watu watatu: dalali, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa ananunua ndizi na nyanya Maji ya Chai na kuzileta mjini, na mama yake. Tangi lilikuwa limekauka. Mume wangu aliwasalimu, akachukua kidumu, akaenda kutafuta dizeli barabara kuu ili wasikie injini. Dalali alinisogelea.

"Kijana ana pesa, lakini ruhusa anayo mama yake. Huyo bibi ndiye mnunuzi, shemeji. Mjibu vizuri."

Nilimwendea. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

Alikuwa mrefu, mkavu, amejifunga khanga mbili na kuvaa raba za kiume. Aliongea Kiswahili cha polepole, cha mtu anayefikiri kwanza kwa Kimeru. Alilizunguka gari mara mbili huku kiganja kikipita juu ya bati, kama mtu anayempapasa ng'ombe mnadani. Mwanawe alikuwa amelala kifudifudi anachungulia springi. Bibi alipomaliza mzunguko wa pili alisimama mbele yangu.

"Mwanangu, niambie. Gari hili limeua?"

"Hapana, bibi," nilisema. "Lilipinduka likiwa tupu. Dereva alivunjika bega tu."

Lile la bega sikuwa nimelipanga. Lilijileta lenyewe, na kwa kuwa lilikuwa kweli, liliufanya uongo wote usimame vizuri. Dalali alitazama juu, kwenye mparachichi, kama anahesabu matunda.

"Si nilikuambia, mama?" mwanawe alisema kutoka chini ya gari. "Bati tu hiyo!"

Ndipo jirani yangu alipoita. Kati yetu palikuwa na ua wa michongoma, na alikuwa na desturi ya kuniita kutoka jikoni kwake bila kutoka nje. Aliniita mama, na jina la mtoto, kwa sauti ya kuvuta. Nilibaki nimelitazama gari. Akaita tena. "Mama!" na jina lile. "Ungo wangu umemaliza nao?"

"Kuna mtu anaitwa," bibi alisema.

"Atakuwa anamwita mpangaji wa nyuma."

"Basi aitike, mwenzake anataka ungo." Alicheka, akanishika kiwiko. "Na wewe ni mama nani? Tangu nimefika nakuita mwanangu, mwanangu, kama mtu asiyefundishwa."

Nimeifikiria dakika ile mara nyingi, na nitaieleza kwa utaratibu. Jina la kweli nisingeweza kulitaja, kwa sababu lilikuwa limetoka kuitwa uani na mimi nimelikataa. Jina la kubuni lisingefaa, kwa sababu bibi wa namna ile haondoki nyumbani kwa mtu bila kuomba aletewe mtoto amshike kichwa. Ilibaki njia moja.

"Bado sijajaliwa, bibi," nilisema.

Nyuma yangu, getini, nilisikia kidumu kikiwekwa chini.

Uso wa bibi ulibadilika. Alinishika mikono yote miwili, akaifungua, akatema mate kidogo viganjani kama wazee wa huku wanavyobariki, akavisugua kwa vidole gumba. Kisha akaniwekea mkono tumboni, juu ya khanga niliyojifunga kiunoni, akaomba kwa Kimeru. Mwishoni akaomba kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nielewe. "Mungu akufungue, mwanangu. Akupe wa kwanza. Uitwe mama."

"Amina!" alisema dalali, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mume wangu alipita na kidumu chake. "Shikamoo, mama," alimwamkia bibi.

"Marahaba, baba. Nimemwombea mkeo hapa."

"Asante."

Alimimina dizeli, akafungua boneti, akatoa upepo kwenye pampu, akaingia, akawasha. Injini ilishika mara moja. Kijana alipiga makofi. "Sikia hiyo, mama! Hili litakohoa mimi nikiwa nimeota mvi!" Nilimtazama mume wangu kupitia kioo cha mbele. Nilingoja aseme. Alikuwa amewaambia wote, hata mtoto wa jirani aliyekuja kuuliza kwa mzaha. Alitelemka, akasimama, akautazama mkono wa bibi ambao ulikuwa bado umeushika wangu.

"Bei mmeshaelewana?" alimwuliza dalali.

Walielewana. Kijana aliisoma kadi, akafika kwenye wino mwekundu, akaguna, akageuza ukurasa. Mume wangu aliweka sahihi kwenye hati ya mauziano juu ya boneti lenye joto, mimi nikaweka yangu kama shahidi. Gari lilitoka getini na bibi akiwa kiti cha mbele, mgongo wima, akinipungia mkono mpaka kona.

Mchana ule mume wangu aliingia ndani. Alinawa, akavuta kiti, akala mezani. Jioni alikaa sebuleni akasikiliza redio. Usiku alilala kitandani kwetu. Yote niliyoyataka niliyapata siku moja. Alipomaliza kula alisema, "Asante kwa chakula," kama anavyosema mtu aliyealikwa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kilichotokea ni kwamba aliacha kuniita. Alikuja mahali nilipo, akaanza sentensi katikati: "... umeiona nyundo?" "... kesho kuna ibada ya jumuiya." Nilijaribu kumtegea. Nilikaa chumba kingine ili alazimike kupaza sauti. Alitembea mpaka nilipo.

Siku kumi baadaye alivaa shati lake la kanisani, akapanda basi. Sikumwuliza anakwenda wapi. Alirudi saa kumi, akanikuta kwenye ngazi ya jikoni nachambua maharage, akakaa upande wa pili wa ungo.

"Nimetoka Maji ya Chai."

"Kufanya nini?"

"Kuwaambia."

Nikaendelea kuchambua. Alinieleza yote kwa mpangilio, maana alinijua ninavyopenda kuelezwa. Kijana alifoka, akatoka nje, akapiga teke tairi, akarudi, akadai pesa zake. Mama yake akamwambia akae. Bibi aliuliza mtoto alikuwa na miaka mingapi, na kama alikufa palepale. Kisha alisema gari limeshaingia bomani kwake na limeshabeba ndizi za kanisa, atawaita akina mama wenzake waliombee, na mwanawe ataendelea na kazi.

"Aliniulizia mimi?"

"Alikuulizia."

"Ukasemaje?"

Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

"Nilisema nilizaa nje."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alirudia, pole pole. "Nilisema mtoto ni wangu, nilizaa nje, nikamleta hapa. Ulikuwa umeshamwambia huna mtoto. Yule mama amekushika tumbo, amekuombea kwa Mungu. Ningemwambia kwamba umemdanganya? Mtu mzima kama yule? Nikaona aibu iwe yangu."

"Ungeniacha niibebe."

"Ndiyo hivyo nimeshasema."

Nimeyapindua maneno yake kwa miaka mingi nikitafuta kisasi ndani yake, na sijakiona. Alikuwa mtu wa kanisa, asiyewahi kutazama nje ya nyumba yake, na alijichafua mbele ya wageni ili mimi nisionekane mwongo. Lakini tangu siku hiyo kuna nyumba moja, Maji ya Chai, ambako binti yangu anajulikana, anaombewa, na alizaliwa na mwanamke asiyejulikana.

Wiki kadhaa zikapita. Mahindi mabichi yalikuwa yameanza kuchomwa barabarani bibi alipokuja peke yake. Alikuwa amepanda kwa miguu kutoka barabara ya Moshi, mkungu wa ndizi kichwani na chupa ya maziwa ya mgando mkononi. Nilimpokea mzigo. Alikataa kukaa ndani, akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akavua raba zake akazipanga pembeni.

"Mwanangu," alisema, "mumeo alikuja kwangu. Amenieleza."

"Ndiyo, bibi."

"Nimekuja kukupa pole. Mwanamume kuzaa nje, hilo peke yake linatosha. Halafu umletewe mtoto ndani, umlee. Halafu afe, na wewe upike msiba wa mtoto usiyemzaa, na watu wakupe pole nusunusu. Umebeba, mwanangu. Siku ile mimi sikujua kitu. Nikakuombea tu kama kipofu."

Mume wangu alikuwa ametoka na kikombe cha chai kwa ajili yake. Alisimama mlangoni nacho. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa na neno lote tayari, jina na yote. Nikamtazama, na yeye akanitazama, na nikaona kwamba nikilisema, mwongo atakuwa yeye, aliyetoka hapa kwa basi na shati la kanisani kwenda kudanganya kwa ajili yangu. Niliufunga mdomo.

Bibi alipokea chai. "Alikaa hapa muda mrefu, huyo mtoto?"

"Tangu mdogo kabisa."

"Alikuwaje?"

Tangu azikwe hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Watu wa Sekei walimjua, hawakuwa na haja ya kuuliza. Walisema pole na kutazama pembeni. Bibi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, amenigeukia mwili mzima, anasubiri.

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba hakunywa maziwa yenye utando, ilibidi uutoe kwanza akiwa anaona. Kwamba aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa na maneno aliyoyatunga mwenyewe, mpaka mzee wa kanisa akaja kutuuliza kama tuna kitabu kingine. Kwamba alitaka kujua kwa nini Meru haina theluji na mlima wa bibi yake unayo, na nani aliyegawa. Kwamba alipoteza viatu, na kila mara alipoteza cha kushoto.

"Cha kulia," mume wangu alisema. Alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta. "Vya kushoto ndivyo vilivyobaki."

Nilifikiri kidogo. Alikuwa sahihi. "Cha kulia," nikamwambia bibi. Mume wangu akaongeza habari ya kuku aliyefungwa kilemba, nami nikaikamilisha kwa sababu yeye siku hiyo alikuwa safarini. Bibi alicheka hadi akaweka kikombe chini. Hatukuwa tumezungumza habari za binti yetu pamoja tangu Krismasi ile. Tulizungumza mpaka jua likahama kwenye ngazi, na tulikuwa waangalifu wote wawili, tukisema "mtoto," tukisema "yeye."

Bibi alivaa raba zake. Nilimsindikiza hadi getini, na pale alinishika mkono, akanitazama usoni kwa muda.

"Ulimpenda," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Kama wako kabisa."

Nikasema ndiyo. Kama wangu.